Uso wangu unawaka tangu nihamie vipodozi vya mimea

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 31 na ngozi yangu ni nyeti tangu utotoni, nilikuwa na pumu ya ngozi. Mwaka jana niliamua kuachana na vipodozi vya kemikali nikahamia vya mimea tupu, visivyo na vihifadhi: sabuni ya maji yenye limau, seramu ya lavenda na kamomili, na jeli ya aloevera. Miezi miwili ya kwanza ngozi ilipendeza. Mwezi wa tatu uso ukaanza kuwasha, kope zikawa zinavimba asubuhi, na sasa hata nikinawa maji matupu unawaka. Rafiki yangu anasema ni sumu zinatoka, nivumilie. Je, dondoo za mimea hazifai kwa ngozi kama yangu? Nichague vipi? Na mwanangu wa miezi minane, ambaye naye ngozi yake ni kavu na ina ukurutu, naweza kumpaka? Nimekunakilia maandishi ya nyuma ya chupa ya seramu.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la haraka: acha vyote vitatu leo, na usivumilie. Mwili hautoi sumu kwa kuvimbisha kope. Kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo. Ngozi ikiwaka na kuvimba inakataa kitu ilichopakwa, na ukiendelea kukipaka hali inazidi kuharibika. Nimewaona wagonjwa wengi waliofika kwangu uso umechubuka kwa sababu mtu aliyewapenda aliwaambia wavumilie, na kila mara inaniuma, kwa kuwa wiki moja ya mwanzo ingetosha kuzuia yote yale.

Sasa swali lako lenyewe. Siwezi kukujibu kwamba mimea ni salama au si salama, kwa sababu kinachofika usoni mwako si mmea. Ni mchanganyiko wa molekuli, pengine makumi, pengine zaidi ya mia, zilizotolewa kwenye sehemu fulani ya mmea kwa njia fulani, zikatiwa kwa kiasi fulani na kukaa kwenye chupa kwa muda fulani. Ukibadilisha kimojawapo, usalama nao unabadilika. Mmea mmoja huweza kutoa kitu kinachotuliza ngozi na kitu kinachoichoma, vyote kwenye jani lilelile.

Aloevera yako ni mfano mzuri. Kata jani bichi ulisimamishe wima: kwenye kidonda chake utaona utomvu wa rangi ya manjano unachuruzika, mchungu, wenye harufu kali kidogo. Huo unatoka kwenye mishipa iliyo chini kidogo ya ganda, na una aloini na wenzake wa jamii ya antrakwinoni, ambao huwasha ngozi. Ndani zaidi kuna ute mwangavu usio na rangi, ambao karibu wote ni maji pamoja na sukari ndefu zinazoshika unyevu. Huo ndio watu wanaousifu. Kiwanda kikisaga jani zima bila kuchuja, unapaka vyote viwili. Kikitenganisha vizuri, unapaka ute peke yake. Kwenye chupa zote mbili pameandikwa aloevera, na picha ya jani ni ileile. Na anayekwangua jani nyumbani bila kuacha ule utomvu utoke kwanza na kuuosha, anajipaka kitu tofauti kabisa na alichokusudia.

Kabla sijaisoma chupa yako, nikueleze kilichokupata, maana naona mambo mawili yaliyofuatana.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ya uso ni jembamba mno. Ni seli zilizokufa zilizoshikanishwa na mafuta ya aina tatu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, na lina uasidi mdogo, pH (kipimo cha uasidi, ambapo namba ikishuka uasidi unapanda) ya takriban 4.5 hadi 5.5. Aliyewahi kuugua pumu ya ngozi kwa kawaida ana seramidi pungufu, kwa hiyo maji hutoka kwa urahisi na vitu vya nje huingia kwa urahisi. Ndiyo maana ngozi yako ni nyeti tangu zamani. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa International Forum for the Study of Itch lilichapisha maelezo ya ngozi nyeti: ni hali ya kusikia kuchoma, kuungua, kuuma au kuwasha kutokana na vitu ambavyo kwa kawaida havipaswi kuleta hisia hizo, na ngozi yenyewe yaweza kuonekana haina tatizo lolote. Nakutajia hili ili mtu asije akakwambia unajidekeza kwa sababu haoni kipele.

Jambo la kwanza lililokupata, basi, ni mchubuko wa taratibu. Sabuni yenye limau asubuhi na jioni, kisha seramu yenye alkoholi, kila siku, kwa wiki nyingi. Hilo halihitaji mzio wowote. Ngozi ya mtu yeyote ikichokozwa vya kutosha itachubuka, ya kwako inawahi tu. Tabaka la juu likishachakaa, ncha za neva zinakosa kinga, na hapo hata maji ya bomba yanawaka.

La pili ninalolishuku sana ni mzio, na kinachonifanya niushuku ni ile miezi miwili mizuri. Watu wengi husema, "haiwezi kuwa ile seramu, mbona nimeitumia muda mrefu bila shida?" Kumbe mzio wa ngozi huenda hivyohivyo. Molekuli ndogo hupenya, hujishika kwenye protini za ngozi, na chembe za kinga huibeba taarifa hadi kwenye tezi na kuwafundisha wenzake kuitambua. Mafunzo hayo huchukua siku 10 hadi 15 kwa uchache, na mara nyingi miezi au hata miaka ya matumizi, na wakati wote huo husikii chochote. Yakishakamilika, kila unapopaka tena kinga inashambulia, si palepale bali baada ya siku moja hadi tatu, ndiyo maana ni vigumu kumkamata mhusika. Kope huonyesha mapema kwa kuwa ngozi yake ndiyo nyembamba kuliko zote, hata kama dawa hukuipaka hapo bali ilifikishwa na vidole. Na kumbukumbu hiyo ya kinga kwa kawaida haifutiki. Mtu akishapata mzio wa kitu, ataishi kwa kukiepuka.

Sasa chupa. Umeninakilia hivi: Aqua, maji ya maua ya Lavandula angustifolia, Alcohol denat., Glycerin, dondoo ya maua ya Chamomilla recutita, mafuta ya ganda la Citrus limon, mafuta ya Lavandula angustifolia, halafu mwishoni Linalool, Limonene, Citral.

Orodha hizi hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, hadi unapofika kwenye viungo vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo. Alkoholi iko nafasi ya tatu, mbele ya gliserini. Kwa ngozi ya kwako hiyo peke yake ingetosha kuniondolea hamu ya chupa. Hiyo alkoholi mara nyingi ndiyo iliyotumika kutoa dondoo kwenye maua, lakini mwenye ngozi hachagui sababu, inamkausha tu.

Kamomili, ambayo ndiyo iliyokuvutia, iko nyuma yake. Na neno "dondoo" halisemi kuna kiasi gani cha ua humo. Dondoo ya dukani mara nyingi ni maji na gliserini kwa sehemu kubwa, na yale yaliyotoka kwenye ua ni kidogo mno. Kuna mbinu ndogo ninayowafundisha wagonjwa wangu: tafuta kihifadhi kiitwacho Phenoxyethanol kwenye orodha. Sheria ya Umoja wa Ulaya hairuhusu kizidi asilimia 1, kwa hiyo kila kilichoandikwa baada yake nacho kiko chini ya asilimia 1. Utashangaa ni mara ngapi mmea uliopewa picha kubwa mbele ya chupa umejificha huko mkiani.

Lakini vile vitatu vya mwisho, Linalool, Limonene na Citral, ndivyo vilivyonifanya nisimame. Wengi wakiviona hudhani ndizo "kemikali" zilizoingizwa kinyemela kwenye kipodozi cha mimea. Sivyo. Vimetoka kwenye lavenda na limau zenyewe. Ndivyo vinavyofanya lavenda inukie lavenda na ganda la limau linukie limau. Umoja wa Ulaya unalazimisha vitajwe kwa jina vikizidi asilimia 0.001 kwenye kipodozi kinachobaki usoni, au asilimia 0.01 kwenye kinachosuuzwa, kwa sababu vinajulikana kuleta mzio. Orodha hiyo ilikuwa na majina 26 kwa miaka mingi, na mwaka 2023 ilipanuliwa ikapita 80.

Na hapa ndipo umri wa chupa unapoingia. Linaloli na limoneni zikiwa mpya ni dhaifu sana katika kuleta mzio. Zikikutana na hewa hubadilika kuwa hidroperoksidi, na hizo ndizo kali. Kwa hiyo seramu iliyofunguliwa mara mbili kwa siku, ikakaa bafuni kwenye joto karibu na dirisha, mwezi wa tatu si ile uliyoinunua. Mafuta ya tii-trii (Melaleuca alternifolia), ambayo watu huyadondoshea chunusi bila kuyazimua, yana tabia hiyohiyo: mapya yanavumilika, ya zamani yaliyoingiwa na hewa na mwanga yanakuwa chanzo kikubwa cha mzio. Kama kuna jambo moja ningependa kila mpenzi wa vipodozi vya mimea alijue, ni hili. Mafuta yenye harufu yana umri mfupi, na yakiharibika hayachachi tu, yanageuka kuwa kitu kingine.

Limau nalo lina lake. Maji ya limau yana pH ya karibu 2. Kila hatua moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo ukilinganisha na ngozi yenye pH 5, limau lina uasidi wa karibu mara elfu zaidi. Tena ganda la limau na ndimu lina furokumarini, molekuli ambazo zikikaa kwenye ngozi na jua likapiga, huunguza. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili na kuacha michirizi myeusi inayoweza kudumu miezi. Hapa tena njia ya kutoa ndiyo inayoamua: mafuta ya ganda yaliyokamuliwa bila moto hubeba furokumarini, yaliyotolewa kwa mvuke karibu hayana, kwa sababu molekuli hizo ni nzito na hazipandi na mvuke. Chupa yako haisemi ni yapi.

Kwa ngozi nyeusi hilo la madoa si dogo. Wekundu hauonekani vizuri kwetu, kwa hiyo uvimbe wa ngozi hupita bila kutambuliwa hadi baadaye panapobaki weusi, na watu huanza kuusugua kwa limau zaidi au bikaboneti, wakizidisha kilekile kilichouleta. Usiangalie rangi. Gusa: je, pana joto, pamekakamaa, ni pakavu kama msasa? Hivyo hutangulia weusi.

Usije ukaondoka hapa ukiichukia mimea. Mimi mwenyewe ninaiandika kwenye karatasi za dawa. Oti iliyosagwa laini sana ni mfano ninaoupenda kuliko wote: tangu mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inaitambua kama kinga ya ngozi, na tunajua kwa nini inasaidia. Ina beta-glukani inayoshika maji na avenanthramidi zinazopunguza muwasho. Haina harufu ya kujivunia, labda ndiyo maana haisifiwi sana. Gliserini, ambayo hakuna anayeifikiria kama mmea, mara nyingi hutengenezwa kutoka mafuta ya mimea na ni mojawapo ya vitu vinavyovumilika vizuri zaidi.

Kuna pia molekuli moja moja zilizotengwa kutoka kwenye mmea na kusafishwa. Bisabololi ya kamomili, madekasosidi ya Centella asiatica, likokalkoni A ya mizizi ya likorisi. Ninaziamini zaidi kuliko dondoo nzima, kwa sababu ninajua ninachompa mgonjwa na kiasi chake, na vile vyenye kuleta mzio vimeachwa nyuma. Kamomili nzima ni ya familia ya Asteraceae, pamoja na arnika na kalendula, na mimea mingi ya familia hiyo hubeba laktoni za seskwiterpeni, ambazo mwenye mzio nazo akigusa mmea mmoja wa ukoo huo huweza kudhurika na mwingine. Bisabololi iliyosafishwa haimletei laktoni hizo. Vilevile alantoini ilijulikana kwenye mmea wa Symphytum officinale, ambao pia una alkaloidi zenye sumu kwa ini. Siku hizi alantoini ya kwenye krimu hutengenezwa maabara, na ni molekuli ileile bila zile alkaloidi. Najua kwa aliyeamua kukimbia "kemikali" jambo hili ni gumu kulipokea, ila nakuomba ulitafakari: ngozi yako haijui molekuli ilitoka shambani au maabara. Inajua umbo lake, wingi wake na muda iliokaa nayo.

Kwa mafuta ya kula yanayopakwa, usidhani yote ni sawa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliolinganisha mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye mikono ya watu wazima, matone machache mara mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Zeituni ilidhoofisha tabaka la juu la ngozi na kuleta wekundu kidogo; alizeti haikulidhuru na iliongeza unyevu. Sababu kubwa inayotajwa ni kwamba zeituni imejaa asidi ya oleiki, inayovuruga mpangilio wa mafuta ya ngozi, na alizeti ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huitumia kujijenga. Siagi ya shea nayo ni ya kuaminika, mzio wake ni nadra sana, ilimradi haijatiwa manukato.

Uliniambia pia kwamba ulichagua vipodozi visivyo na vihifadhi. Hapo nitakupinga moja kwa moja. Kipodozi chenye maji na dondoo ya mmea ni chakula cha bakteria na kuvu. Kikikosa kihifadhi kinaota, mara nyingi kabla harufu haijakwambia, na ngozi iliyochubuka ndiyo mlango wao. Ni kweli kwamba baadhi ya vihifadhi vimewaletea watu mzio. Methilisothiazolinoni ililazimika kupigwa marufuku Ulaya kwenye vipodozi vinavyobaki mwilini. Suluhisho ni kuchagua kihifadhi kizuri, au kutumia kipodozi kisicho na maji kabisa kama siagi au mafuta. Kinachotengenezwa nyumbani kwa maji kitumie siku hiyohiyo na kinachobaki kimwage.

Maneno ya mbele ya chupa yasikupumbaze. "Asilia" haina maana moja ya kisheria. "Haileti mzio" nalo vivyo hivyo: FDA ilijaribu mwaka 1975 kuweka masharti kwa neno hilo, kampuni za vipodozi zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikayabatilisha. Hadi leo Marekani kampuni inaweza kuliandika bila kuthibitisha chochote. Hata "haijaongezwa manukato" inaweza kuandikwa kwenye chupa yenye mafuta ya lavenda, kwa hoja kwamba lavenda si manukato bali ni dondoo. Geuza chupa usome nyuma.

Na kuna krimu za mitishamba za aina moja ninazoziogopa kuliko limau na lavenda kwa pamoja: zile zinazoponya ukurutu kwa siku tatu, hazina orodha ya viungo, na muuzaji anasema ni siri ya ukoo. Mwaka 1999 watafiti Uingereza walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakitumia wagonjwa wa ngozi, na 8 kati yake zilikuwa na deksamethasoni, dawa kali ya steroidi, bila kuandikwa popote. Ukipaka steroidi usoni kwa miezi bila kujua, ngozi inakuwa nyembamba na mishipa inajitokeza, na siku ukiacha uso unalipuka. Mmea wa kweli hufanya kazi polepole. Ukiona muujiza wa siku tatu, upeleke huo muujiza kwa daktari au mfamasia auone.

Sasa cha kufanya. Kwa wiki nne, huo ndio muda wa takriban ambao ngozi ya juu huhitaji kujijenga upya, uso wako upewe vitu vitatu tu: maji ya uvuguvugu na kisafishaji laini kisicho na harufu, mara moja kwa siku, jioni; krimu rahisi yenye gliserini na seramidi, au vaselini tupu; na mchana kinga ya jua yenye oksidi ya zinki. Najua vaselini imetoka kwenye petroli na wewe ulikuwa unaikimbia. Ile iliyosafishwa kwa viwango vya dawa ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio mara chache kabisa, na huzuia maji yasitoke kwenye ngozi kuliko karibu mafuta yote ya mimea. Iache ifanye kazi yake mwezi mmoja. Usiweke oti, usiweke aloevera, usijaribu chochote kipya, hata kama siku ya tano unajisikia umepona. Kope zikiendelea kuvimba baada ya wiki moja ya kuacha, onana na daktari, maana huenda ukahitaji dawa ya muda mfupi, na dawa za kope zinataka uangalizi kwa ajili ya macho.

Wakati huo huo omba rufaa kwa daktari wa ngozi anayefanya kipimo cha mzio cha mgongoni. Hubandika viraka vidogo vyenye vitu vinavyoshukiwa, vikakaa saa 48, kisha husoma siku hiyo na tena siku mbili baadaye, wakati mwingine hata siku ya saba. Si kile cha kuchoma sindano mkononi na kusoma baada ya dakika 15. Hicho ni cha mzio wa aina nyingine. Nenda na chupa zako zote tatu, zilezile zilizofunguliwa, usinunue mpya. Na umwombe awekee hidroperoksidi za linaloli na za limoneni, kwa sababu ukipimwa kwa linaloli mpya kipimo kinaweza kusema huna tatizo na ilhali unalo. Hilo huachwa mara nyingi, na mgonjwa anarudi nyumbani kutumia chupa ileile.

Uso ukishatulia, utarudi kwenye mimea kwa utaratibu. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Paka sehemu ya ukubwa wa sarafu kwenye kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku, bila kuosha kwa makusudi, kwa siku 7 hadi 10, ukiweza hadi 14. Kupaka mara moja usiku na kuangalia asubuhi, kama watu wengi wanavyofanya, kunakuonyesha mchubuko peke yake. Mzio unataka siku. Pakiwa salama, hamia nyuma ya sikio au pembeni mwa taya siku chache kabla ya uso mzima. Usijaribu hivi mafuta yenye harufu ambayo hayajazimuliwa, maana jaribio lenyewe linaweza kuifundisha kinga yako mzio ambao haikuwa nao. Kwa ngozi ya kwako ningeanza na krimu yenye oti isiyo na manukato, na lavenda, limau, tii-trii, mdalasini na karafuu ningeziacha kabisa usoni, hata kama kipimo hakitaonyesha kitu. Faida yake kwenye ngozi nyeti ni ndogo mno ukilinganisha na hatari.

Nimemweka mtoto mwisho kwa kuwa kwake nina masharti makali zaidi. Usimpake chochote kati ya vitu vyako. Ngozi yenye ukurutu kwa mtoto wa umri huo ina nyufa, na kinga yake ndiyo kwanza inajifunza nini ni chakula na nini ni adui. Protini ya chakula ikiingilia kwenye ngozi kabla haijazoeleka tumboni, anaweza kupata mzio wa chakula chenyewe. Mwaka 2003 utafiti wa watoto Uingereza ulionyesha uhusiano kati ya krimu zenye mafuta ya karanga zilizopakwa kwenye ngozi yenye vipele na mzio wa karanga baadaye. Na Japani, sabuni moja ya uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwaletea watu wazima zaidi ya 2,000 mzio wa ngano. Walikuwa wakila mkate maisha yao yote, wakaja kuzidiwa wakiula baada ya kujiosha uso tu. Ndiyo maana kwa mtoto nataka mafuta yaliyosafishwa, ambayo protini karibu zote zimeondolewa, na sitaki ya karanga, ngano, maziwa wala lozi. Hata oti, pamoja na mapenzi yangu yote kwayo, nisingeipaka penye kidonda.

Utasikia mafuta ya nazi yakisifiwa kwa watoto, na sifa hizo zina msingi: Ufilipino, mwaka 2014, watoto 117 wenye pumu ya ngozi walipakwa kwa wiki 8, nusu mafuta ya nazi bikira na nusu mafuta ya madini, na wa nazi walipata nafuu zaidi. Ila wale walikuwa na umri wa mwaka mmoja na kuendelea, na ugonjwa wao haukuwa mkali. Wako ana miezi minane. Kwa sasa mpake vaselini tupu au krimu nzito isiyo na manukato mara mbili kwa siku, ya kwanza ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu. Mpeleke kliniki kuhusu huo ukurutu. Na ukiona unatoa maji na kuweka gamba la manjano, au malengelenge madogo yanayofanana yaliyokusanyika pamoja huku mtoto ana homa, mpeleke siku hiyohiyo bila kumpaka kitu.